Umesomea ulemavu na ujumuishi? Kazi za ughaibuni zaidi ya zamu za usiku

Mhitimu wa elimu maalumu, ustawi wa jamii au masomo ya ulemavu akifika ughaibuni, kazi inayompokea karibu kila nchi ni ile ile: kumsaidia mtu mwenye ulemavu nyumbani kwake, kuanzia kuoga na kupika hadi kwenda hospitali na kulala naye nyumba moja usiku. Wengine huitia kapu moja na kubeba boksi, na hapo wanakosea, kwa sababu hayo ni mafunzo kazini unayolipwa. Shida ni kwamba zamu haziishi. Wakala anapiga simu hata Jumapili, malipo ya saa yanatosha kodi na ya kutuma nyumbani, na miaka inakatika huku shahada imelala kwenye begi. Anayetaka kupanda achague mapema anaelekea wapi, maana kila njia ina makaratasi yake.

Njia ya karibu zaidi ni uratibu wa huduma. Australia, kupitia mpango wa taifa wa bima ya ulemavu, NDIS, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, mtu aliyekubaliwa hupewa bajeti yake ya huduma. Kwa baadhi yao bajeti hiyo humlipa pia mratibu wa kumsaidia kuitumia: kutafuta watoa huduma, kusoma mikataba, kutayarisha ushahidi mpango wake wa huduma unapopitiwa upya. Marekani kazi inayofanana nayo ni umeneja wa kesi katika huduma za jamii zinazolipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu. Uingereza utakutana na waratibu na mameneja wa nyumba za makazi saidizi, ambako watu wenye ulemavu huishi wakisaidiwa.

Kinachompandisha mtu huku ni kalamu. Anayejua kuandika kumbukumbu za zamu zinazosomeka, ripoti ya tukio isiyo na porojo na barua inayoeleza kwa nini mteja anahitaji saa zaidi, huyo hatakaa chini muda mrefu. Omba kukaa kwenye kikao cha kupitia mpango wa mteja unayemhudumia, hata kama hakuna aliyekualika. Omba pia kufundishwa mfumo wa bajeti. Mameneja wengi hufurahi, kwa kuwa ni wachache wanaoitaka kazi hiyo ya makaratasi.

Njia ya pili ni taaluma zenye usajili, na hapa wengi huchanganya mambo mawili. Taasisi kama WES kwa Canada na Marekani, au UK ENIC kwa Uingereza, husema tu shahada yako inalingana na ngazi gani ya kwao. Hazikupi ruhusa ya kufanya kazi ya taaluma. Ruhusa hutoka kwa chombo cha usajili: ofisa ustawi wa jamii huko England husajiliwa na Social Work England, mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapy) husajiliwa na HCPC kwa Uingereza nzima. Kwa Australia, ofisa ustawi wa jamii anayeomba viza ya ujuzi hupimwa kwanza na chama cha taaluma hiyo, AASW. Vyombo hivi huuliza saa za mafunzo kwa vitendo na maelezo ya kila somo, kwa hiyo chukua mtaala wa kozi yako ukiwa na mhuri wa chuo. Kuufuatilia ukiwa ng'ambo, kupitia binamu asiyejua ofisi ya msajili iko wapi, kunaweza kula mwaka.

Marekani kuna pia mshauri wa urekebishaji, anayemsaidia mtu mwenye ulemavu kupata kazi na kudumu nayo. Mara nyingi huhitaji shahada ya uzamili na cheti kinachoitwa CRC, na mashirika ya majimbo ni miongoni mwa waajiri wake wakubwa. Ukiwa Ontario, diploma ya miaka 2 ya huduma kwa watu wenye ulemavu wa akili inaweza kukufaa kuliko uzamili mwingine wa nadharia. Najua hakuna anayependa kuwaambia wazazi kwamba amerudi kusoma diploma baada ya shahada, lakini waajiri wa huko wanaijua.

Njia ya tatu ndiyo Waafrika Mashariki wachache wameishika, nayo ni ufikivu, yaani kuhakikisha mtu mwenye ulemavu anaweza kutumia huduma, jengo au tovuti kama wengine, na marekebisho ya mazingira ya kazi na masomo. Nyuma yake kuna sheria: ADA, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010, sheria ya shirikisho ya Canada ya 2019 inayolenga nchi isiyo na vikwazo ifikapo 2040. Sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025 na inagusa huduma za benki, maduka ya mtandaoni, vitabu vya kidijitali na mashine za tiketi. Kampuni zinahitaji watu wa kukagua tovuti kwa viwango vya WCAG, yaani vile vya kimataifa vya ufikivu wa tovuti, kuandaa nyaraka zinazosomeka kwa programu za wasioona na kufundisha wafanyakazi. Si lazima uwe mtaalamu wa kompyuta. Mtihani wa CPACC unaotolewa na IAAP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ufikivu, unapima uelewa wa ulemavu, usanifu na sheria, na wewe nusu yake ulishaisoma chuoni. Vyuo vikuu navyo vina ofisi za kuhudumia wanafunzi wenye ulemavu. Kwa aliye Marekani kuna faida ya ziada: waajiri wa vyuo vikuu hawabanwi na kikomo cha mwaka cha H-1B, viza za kazi za wenye taaluma.

Usaili ndio unaotuangusha zaidi, wala si kwa sababu ya lafudhi. Utaulizwa: mteja wako ana kisukari na anataka soda na keki kila siku, utafanyaje? Malezi yetu yanajibu haraka: nitamkataza, kwa faida yake. Jibu hilo linakutoa mchezoni. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 kinamtambua mtu huyo kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine. Sheria ya England ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inasema wazi kwamba uamuzi usio wa busara peke yake si dalili ya kukosa uwezo huo. Basi eleza utakavyompa taarifa kwa njia anayoielewa, utakavyompa chaguo, utakavyoandika mlichozungumza, na ni lini utamwita muuguzi au msimamizi. Pia acha neno "kuwahurumia". Linasikika vibaya kule.

Kuhusu viza, usiamini tangazo la kikundi cha WhatsApp. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haipokei maombi mapya ya wahudumu wa kawaida (wale wa kumsaidia mtu nyumbani au kwenye makao) kutoka nje ya nchi, ilhali maofisa ustawi wa jamii na wataalamu wa tiba kazi bado wamo kwenye orodha ya kazi zinazopewa viza. Anayekudai pesa ili "akupe" kazi ya uhudumu kule leo anakuibia. Wanafunzi nao waangalie saa: Australia ni 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, Uingereza ni 20 kwa wiki kwa wengi wa ngazi ya shahada. Zamu moja ya ziada inaweza kukugharimu viza.

Beba cheti cha polisi cha tabia njema kutoka nyumbani, kwa sababu DBS, ukaguzi wa rekodi za uhalifu wa Uingereza, hauoni miaka uliyoishi nje ya nchi hiyo. Ukipata DBS, jiunge na huduma yake ya kuihuisha ndani ya siku 30 tangu kutolewa, vinginevyo kila mwajiri ataanza upya. Australia wana ukaguzi wao wa wafanyakazi wa NDIS, wenye kudumu miaka 5.

Msomaji mwenye ulemavu mwenyewe atafute Uingereza waajiri walio katika mpango wa Disability Confident. Wale wa ngazi za juu huahidi kumsaili mwombaji mwenye ulemavu aliyetimiza vigezo vya chini.

Mashirika ya kimataifa ya masuala ya ulemavu kama CBM, Sightsavers na Humanity & Inclusion ni ndoto ya wengi, na Kiswahili chako kina thamani huko. Lakini fedha za misaada zimepungua tangu Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025, kwa hiyo yaombe ukiwa na kazi nyingine mkononi. Kabla ya kuomba, jifunze kutumia maswali 6 mafupi ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, yanayotumika kuhesabu watu wenye ulemavu katika tafiti na miradi. Yanapatikana bure mtandaoni, na jioni moja inatosha kuyaelewa.