Banakuletea pikire ya misuli mu sale? Fanya hivi mbele ya kukubali

Ndugu zangu ba Goma, na ba Bukavu pia juu najua kwenu ni vile vile, minaandika hii kwa sababu wiki iliyopita mu sale yetu, ile ya vyuma vya simenti na pinyo za motokari, niliona flakoni moja ya mafuta ya manjano inazunguka kwa vijana bane, etiketi imebanduka nusu, imebaki tu "mg/ml", na sindano ya kuvutia ilikuwa ile ile moja. Miye ni infirmie na vyuma ninabeba tangu ujana, siwezi nyamaza.

Cha kwanza, uliza jina la molekule, ni kusema jina la dawa yenyewe yenye iko ndani. Usikubali "produi ya misuli", usikubali hata "steroidi" peke yake, juu neno hilo linabeba familia mbili zenye hazifanane kazi. Kuna anabolizanti: testosteroni, nandroloni, stanozololi, metandienoni. Hizo njo zinajenga misuli, na zinajenga kweli, mutu asikudanganye kama ni hewa. Mwaka 1996 banganga ba Marekani balitoa matokeo ya banaume benye balipewa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, na hata wale habakubeba chuma misuli yao iliongezeka. Familia ingine ni kotikoidi: deksametazoni, prednisoloni. Hizo badada zetu banakunywaka ili banone, mara nyingi pamoja na kinini ya siproheptadini, yenyewe haiko steroidi, ni dawa ya alerji yenye inaleta njaa na usingizi. Deksametazoni inavimbisha uso na tumbo, inapandisha sukari na tansio, na inakula misuli. Kijana anachomwa hiyo, anajiona amevimba, anafurahi, kumbe mapaja yanaisha. Na kama umeshaitumia wiki nyingi usiikate siku moja!! Mwili wako umeacha kutengeneza kotizoli yake, homoni ya familia ile ile, ukikata gafla tansio inaanguka, unazimia, unaweza kufa. Enda kwa munganga akushushe pole pole.

Kisha shika flakoni ku mwanga. Tafuta jina la molekule, doze, namba ya loti, tarehe ya kuisha, fabrika, na notisi ndani ya bwati. Kikikosa kimoja, rudisha. Mafuta yakiwa na uchafu unaoelea, rudisha hata kama kila kitu kimeandikwa.

Bakubwa banabishana kama hizi bitu zikatazwe kabisa ao ziachiwe. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990 ikaweka anabolizanti pamoja na dawa zenye kubebwa bila ordonansi ni kosa. Uingereza tangu 1996 inamuazibu mwenye kuuza, lakini mutu mwenye anabeba za kutumia yeye mwenyewe hafungwe. Miye niko upande huo wa pili, na nasema hivyo kwa roho yote: kijana akiogopa polisi hatakuja kunionyesha jipu ku tako lake mpaka limeoza. Lakini huku kwetu flakoni inauzwa farmasi bila mutu kuuliza ordonansi, basi sheria iwe kali ao lege, yenye inakulinda kwanza ni labo.

Enda labo mbele ya kuanza, na kama umeshaanza enda leo. Omba tansio, NFS (kuhesabu chembe za damu), ASAT na ALAT pamoja na GGT (vipimo vya maini), na kolesteroli ya HDL, ile nzuri. Testosteroni inafanya damu kuwa nzito. Hematokriti, ni kusema sehemu ya chembe nyekundu mu damu, ikipita 54% banganga banasimamisha matibabu hata kwa mugonjwa mwenye aliandikiwa kabisa. Kinini za kumeza kama stanozololi na metandienoni zinachokesha maini kuliko pikire. Pumzika vyuma wiki moja mbele ya kipimo, juu kubeba tu kunapandisha ASAT, utaogopa bure, ao dokta atasema ni vyuma kumbe ni maini.

Usichangie sindano, na usichangie flakoni pia. Vijana banadhani wakibadilisha sindano imeisha, lakini ile yenye imeshatoka ku mwili ikirudi mu flakoni inaacha damu ndani, na epatiti B, ugonjwa wa maini, inahitaji damu kidogo sana tu.

Kama bado unakua, acha, mifupa inafunga mapema na urefu unabaki pale. Dada, sauti ikishakuwa nzito hairudi. Ukitafuta mutoto, jua mbegu zinapungua mpaka kuisha, na kurudi kunaomba miezi mingi. Na ukichezea timu, kumbuka Ben Johnson, mukimbiaji wa Kanada, Olimpiki ya Seoul 1988, mbio yake ya metre 100 ya sekunde 9.79 ikafutwa juu ya stanozololi. Siku hizi hata kosa la kwanza linaweza kukufungia miaka 4.

Kifua kikiuma, pumzi ikikosa, macho yakikuwa manjano, muguu mumoja ukivimba, pale ulichomwa pakiwaka na homa, ao mawazo ya kujiua yakikuja kisha umeacha, enda lopitali usiku huo huo. Beba flakoni, hata kama iko tupu, juu munganga akisoma jina hatapoteza masaa kwa kubahatisha.