Namna ya Kutambua Kirusha-roketi cha Begani Katika Picha ya Habari

Karibu kila bomba linaloonekana begani mwa askari huitwa bazuka, ilhali bazuka yenyewe ni silaha ya Marekani iliyoingia vitani mwaka 1942 na ambayo leo hukaa zaidi katika majumba ya makumbusho. Anayetaka kuandika maelezo sahihi chini ya picha aanze na mdomo wa bomba.

Ikiwa kichwa cha roketi kimechomoza mbele, kinene kuliko bomba na kimechongoka kama pia, yaelekea hiyo ni RPG-7 au nakala yake. Silaha hii ya Kisovieti ilianza kutumika mwaka 1961. Bomba lake lina kipenyo cha milimita 40, ilhali kichwa chake cha awali kina milimita 85, na ndiyo maana hakiwezi kuingia ndani. Thibitisha kwa kutafuta ganda la mbao linalomkinga mrushaji na joto, ingawa nakala nyingine zina plastiki, kisha utazame nyuma iliyopanuka kama tarumbeta. Herufi RPG, kwa njia, ni kifupisho cha maneno ya Kirusi, si ya Kiingereza kama wengi wanavyodhani.

Roketi isipochomoza, kazi huwa ngumu zaidi. Carl Gustaf na AT4 zote ni za Uswidi na zote zina kipenyo cha milimita 84, kwa hiyo huchanganywa hata na waandishi wazoefu. Carl Gustaf hujazwa tena kwa nyuma, hivyo tafuta askari wa pili aliyeshika risasi yake nene. AT4 hurushwa mara moja tu na kutupwa. M72 ya Marekani, yenye milimita 66, ni mabomba mawili yaliyoingiliana, hivyo silaha ileile huweza kuonekana fupi katika picha moja na ndefu katika nyingine.

Ukiona kisanduku kikubwa cha kulengea ubavuni mwa bomba nene, huenda ni Javelin, ambayo ni kombora linalojiongoza lenyewe kuelekea kifaru na halistahili kuitwa roketi ya kawaida. Stinger, inayolenga ndege, ina antena kama wavu karibu na mdomo.

Wingu la moshi nyuma ya askari lisikupotoshe, kwa sababu takribani silaha zote hizi hutoa gesi kwa nyuma. Alama nyingine zikifichwa na ukuta au bega la mtu, andika tu “kirusha-roketi cha begani”.