Kuchagua wilaya ya shule Marekani: angalia nani anakaa darasa gani, uwanja wa mpira utauona baadae

Wazazi wenzangu mnaotafuta nyumba vitongojini huku Marekani, kabla hujasaini mkataba wowote chukua anwani kamili ya hiyo nyumba, namba na mtaa, uiingize kwenye tovuti ya wilaya ya shule pale pa kutafuta shule kwa anwani. Usitegemee jina la mji linaloandikwa kwenye barua. Posta ina mipaka yake na shule zina mipaka yake, nyumba mbili zinaweza kuandikwa mji uleule watoto wakaenda wilaya mbili tofauti kabisa, na ukishahamia ndo umeshahamia.

Nasema wilaya ila sio ile ya mkuu wa wilaya tuliyoizoea. Hii inahusika na shule tu, ina bodi yake, bajeti yake na mipaka yake, na nchi nzima ziko kama 13,000. Kuna ambazo ni kaunti nzima, mfano Fairfax ya Virginia au Montgomery ya Maryland, na kuna ndogo zenye shule tatu nne, New Jersey na Illinois ziko nyingi za hivo. Kwenye kubwa jina la wilaya peke yake halikwambii kitu, lazima ushuke mpaka shule moja moja.

Sehemu kubwa ya hela ya shule, kitaifa inakaribia nusu, inatoka kwenye kodi za palepale na hasa kodi ya majengo, ndo maana penye nyumba za bei mbaya na shule zinang'aa. Alafu mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Milliken iliyotoka Detroit, ilisema wilaya za vitongoji haziwezi kulazimishwa kuingia mpango wa kuchanganya watoto wao na wa mjini, weusi na weupe wasome pamoja, kama haikuthibitishwa kwamba nazo zilibagua. Mipaka ikabaki kama ukuta. Mpaka leo unavuka barabara moja unakuta shule ya watoto wa rangi zote upande huu na upande wa pili karibu wote weupe, na hakuna anaekwambia.

Dalali wa nyumba nae hatakwambia. Ukimuuliza "hapa kuna weusi wangapi" au "shule hii ni ya watu gani" atakwepa, na usimkasirikie, sheria ya makazi ya 1968 inamkataza kuelekeza wateja kwa rangi au asili yao. Hiyo kazi ni yako, na inafanyika kwa simu ukiwa umekaa kitandani.

Anza na NCES, kituo cha takwimu za elimu cha serikali kuu, andika jina la shule utaona idadi ya watoto kwa rangi na walimu ni wangapi kwa watoto wangapi. Kisha tafuta ripoti kadi ya jimbo, sheria ya ESSA ya 2015 inalazimisha kila jimbo itoe matokeo kwa makundi, yani weusi, walatino, wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu, na pia hela inayotumika kwa kila mtoto shule kwa shule. Ile namba ya 1 mpaka 10 ya GreatSchools unayoiona kwenye tovuti za nyumba usiipe uzito sana, alama za mitihani huwa zinafuata kipato cha wazazi kwa hiyo mara nyingi unachosoma pale ni utajiri wa mtaa. Na asilimia ya watoto wanaokula bure, ambayo watu huitumia kupima umaskini wa shule, nayo siku hizi inadanganya, shule nyingi ziko kwenye mpango wa kulisha wote bila fomu, usikimbie ukiona 100.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi na mume wangu lilitupita. Tulihamia wilaya moja hivi, namba zake nzuri, weusi robo, walatino robo, tukasema hapa mtoto hatakuwa peke yake. Kuingia shule kweli korido imechanganyika kama soko, ila kijana wetu alipoingia hesabu za juu akawa mweusi peke yake darasani, wenzie wote walikuwa korido ya pili kwenye madarasa ya kawaida. Ule mchanganyiko tuliousoma ulikuwa wa jengo tu. Mtoto hasomi kwenye jengo jamani, anasoma darasani, na pale mezani kwake ndo anapojua kama yeye ni wa humo au ni mgeni.

Na hili sio la kwetu tu. Shaker Heights, kitongoji cha Cleveland kule Ohio, majirani walianza tangu miaka ya 1950 kuhangaika ili weusi na weupe wakae pamoja, 1970 wakaanzisha mpango wa hiari wa mabasi kuchanganya watoto shuleni, watu wanakisifia mpaka kesho. Hata hao, ndani ya shule madarasa ya juu yalibaki na weupe wengi miaka na miaka, mpaka 2020 ndo wakaanza kuvunja ule utaratibu wa kupanga watoto kwa ngazi. Kama waliojitahidi vile bado walikwama hapo, huko unakoenda wewe lazima uulize.

Unauliza vipi? Kuna data za Civil Rights Data Collection, zinatolewa na ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu, zinachelewa kidogo lakini ni dhahabu. Zinaonyesha kwa rangi nani yuko madarasa ya AP, yani yale ya ngazi ya chuo, nani yuko programu ya vipaji, nani kasimamishwa shule. Fanya hesabu rahisi, tuseme weusi ni watoto 20 kwa kila 100 shuleni lakini kwenye AP ni 5 tu na kwenye waliosimamishwa ni 45, hapo umeshajua mwanao atapokelewaje. Alafu piga simu ofisini uliza swali moja la moja kwa moja: mtoto anaingiaje Algebra 1 darasa la 8, ni mtihani, ni mwalimu kupendekeza, au mzazi akiomba anapewa? Anaekosa hiyo darasa la 8 mara nyingi inakuwa vigumu kufika kalkulasi darasa la 12. Pakiwa pa mwalimu kupendekeza tu, mimi naweka alama nyekundu, maana mtoto mgeni mwenye lafudhi huwa hapendekezwi haraka.

Kitu kingine, kwenye hizo takwimu mtoto wa Kikongo aliyefika mwaka jana na mtoto wa familia ya Kimarekani weusi wa vizazi saba wanahesabiwa safu moja, "Black". Kwa hiyo ukitaka kujua kama kuna wahamiaji wenzako angalia idadi ya wanaojifunza Kiingereza na orodha ya lugha za nyumbani. Kuna majimbo, Kentucky ni mojawapo, ambako Kiswahili kiko kati ya lugha za mwanzo kabisa kwenye orodha hiyo. Na mimi nina jaribio langu ambalo halijawahi kuniangusha: pigia wilaya sema nataka kuuliza kuandikisha mtoto, naomba mkalimani wa Kiswahili. Hata kama Kiingereza unakijua. Kisheria wanatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mwongozo wa serikali kuu wa 2015, uliofutwa 2025, uliwakataza kumtumia mtoto kutafsiri. Wilaya iliyozoea watu inakuunganisha na huduma ya simu hapohapo, isiyozoea inakwambia njoo na ndugu yako. Dakika tano umeijua.

Kama mtoto ataingia ESL, yani madarasa ya wanaojifunza Kiingereza, uliza wastani wanakaa miaka mingapi kabla hawajatoka, na je akiwa ESL anasoma sayansi na hesabu na wenzie au anatolewa nje kila siku. Haki ya kusaidiwa lugha ipo tangu kesi ya Lau ya 1974, lakini kusaidiwa na kutengwa vinaweza kufanana sana kwa nje, kuwa makini.

Haya, majengo. Simdharau mtu anaependa shule nzuri, hata mimi nilipoona uwanja wenye nyasi bandia na taa ndefu moyo ulilainika. Ila jua hela yake inatoka wapi. Bondi, yani mkopo wa wilaya, inapigiwa kura kujenga na kukarabati, kawaida haiwezi kulipa mishahara. Sehemu kama Ohio na Minnesota hela ya kuendesha shule inaombwa kwa kura nyingine, levi, yani kodi ya ziada ya shule. Ndo unakuta jengo jipya linang'aa na walimu wanapunguzwa mwaka huohuo. Tafuta kura za miaka kumi iliyopita, bondi ngapi zilipita na levi ngapi ziliangushwa, watu wa mtaa wanaoangusha levi mara tatu mfululizo wamekuonyesha wanavyoijali hiyo shule.

Ukienda kutembelea, omba kuona vitu ambavyo mwanao atavigusa kila siku. Maabara, bomba za maji zinatoka? Maktaba ina mkutubi au imebaki chumba cha kompyuta? Nesi yupo kila siku au anazunguka shule tatu? Hili la nesi kwa mwenye mtoto wa sikoseli au pumu ni kubwa kuliko uwanja wowote. Kaunsela ana watoto wangapi, chama chao wenyewe kinapendekeza 250 kwa mmoja, ukiambiwa 450 jua karatasi za chuo utazihangaikia mwenyewe. Hewa na joto pia uliza, ripoti ya 2020 ya GAO, wakaguzi wa serikali kuu, ilikadiria asilimia 41 ya wilaya zilihitaji kubadilisha au kurekebisha mifumo hiyo kwenye angalau nusu ya shule zao, na vitongoji navyo vina majengo ya zamani. Ukiona madarasa ya kuhamishika yamepangwa uani, uliza wanajenga lini na mipaka itachorwa upya lini, maana shule ikifurika watahamisha baadhi ya mitaa, na nyumba uliyonunua kwa ajili ya shule ile inaweza kuwa mtaa wa kwanza kuhamishwa.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni basi la jioni. Shule ina bwawa, ina bendi, ina roboti, lakini basi linaondoka saa tisa mchana na mama yuko shifti mpaka saa kumi na mbili, hivyo vitu mtoto wako atavisikia tu kwa wenzie. Uliza kama kuna basi la baada ya mazoezi, ada ya kucheza ni kiasi gani kwa msimu na kama kuna msamaha, na chombo cha muziki wanakodisha au wanaazima bure. Kwangu mimi shule ya kawaida yenye basi la jioni inaishinda yenye bwawa.

Omba ziara iangukie muda wa chakula cha mchana. Usiangalie nani wapo, angalia nani kakaa na nani, wanaohudumia ni akina nani na walimu wanaopita kusalimia ni akina nani. Kikao cha bodi nacho ni wazi kwa watu wote na nyingi zinarekodi, sikiliza viwili tu, pale wanapofika kwenye mipaka au nyumba mpya za kupanga utasikia watu wanavyowazungumzia "wale wanaokuja", na wale ni sisi.

Makaratasi usiogope. Watakuomba uthibitisho wa makazi, chanjo na umri wa mtoto. Uhamiaji hauwahusu, kesi ya Plyler ya 1982 inampa kila mtoto haki ya shule bila kujali hati zake. Kama mmehifadhiwa kwa ndugu kwa sababu mmepoteza nyumba, kuna sheria ya McKinney-Vento, mtoto anaandikishwa hata karatasi zikiwa hazijatimia. Lakini msiandike anwani ya mjomba wakati mnaishi kwingine, nawaomba. Mama mmoja wa Akron, Ohio, alitumia anwani ya baba yake ili binti zake wasome wilaya ya jirani, mwaka 2011 akakaa jela siku 9. Bora upange apatimenti ndogo ndani ya mpaka, na zipo hata kwenye wilaya za matajiri, mara nyingi pembeni ya barabara kubwa, ambazo kwenye matangazo ya nyumba huzioni ukitafuta zenye vyumba vinne na gereji.

Sisi mwishowe tulihamia moja ya hizo. Vyumba viwili, watoto watatu, jengo la shule ni la zamani na kiyoyozi cha darasa moja kinapiga kelele, ila mtoto wetu mdogo hesabu zake za juu anasoma na watoto watano wanaofanana nae, na basi la jioni linamshusha saa kumi na mbili kasoro.