Gemu Lako la Kutisha Halitishi? Anza Kulirekebisha Hapa

Mtu akitengeneza gemu la kutisha, huhangaikia kwanza sura ya jini: meno, macho, kucha. Anamaliza, anampa mdogo wake acheze, mdogo mtu anacheka. Basi anarudi kuongeza meno. Mara nyingi sura haina kosa. Mchezaji haogopi kwa sababu anajua kitakachotokea, au kwa sababu hana cha kupoteza, na meno hayatibu hata kimoja kati ya hayo.

Tutumie mfano mmoja: mtu amenasa ndani ya pango la chokaa kama yale ya Amboni, hapa kwetu Tanga. Ana tochi, anatafuta njia ya kutokea, na humo ndani hayuko peke yake. Mimi natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa kuwa ni ya bure na haielemei kompyuta ya kawaida. Ukiwa na Unity, programu nyingine ya aina hiyo, majina ya vitu yatabadilika tu.

Hatua ya 1: Tazama vidole vya mchezaji

Peleka gemu kwenye kibanda cha gemu. Ngamiani, hapahapa Tanga, vijana wa kulijaribu hawakosekani. Kaa nyuma ya mchezaji na usimwelekeze. Usimuulize kama ameogopa, maana atakujibu la kukufurahisha au la kujisifu. Anayeogopa hutembea polepole, hugeuka nyuma bila sababu, husimama kwenye kona kusikiliza. Asiyeogopa hung'ang'ania kitufe cha kukimbia mwanzo hadi mwisho. Akimaliza, swali ni moja: "Ulidhani nini kitatokea?" Ukijibiwa, "Kaka, huyo jini nimeshamsoma, ukizunguka nguzo anapotea," umeshaujua ugonjwa. Andika ni sehemu gani alianza kukimbia, kisha uanzie hapohapo.

Hatua ya 2: Kufa kuwe na bei

Mchezaji akifa na kurudishwa hatua tano nyuma, kifo hakina maana. Akirudishwa mbali mno, hofu inageuka kero: safari ya tatu atampita jini wako kama anavyompita mbuzi barabarani. Resident Evil ya mwaka 1996 ilipata njia ya katikati. Kuhifadhi ulipofikia kulihitaji utepe wa taipureta, na tepe zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo hata kuhifadhi kukawa uamuzi wa kuumiza kichwa.

Kwenye pango letu bei ni betri za tochi. Mguso wa kwanza wa jini usimuue mchezaji, umpunguzie nusu ya betri. Kifo hukata hofu, kwa sababu mtu akishakufa anashusha pumzi. Aliyebaki hai na mwanga unaofifia bado ana safari mbele yake.

Hatua ya 3: Asikike kabla hajaonekana

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi kuliko zote. Silent Hill ya mwaka 1999 ilijaa ukungu, na sababu moja ni kwamba PlayStation ya wakati ule haikuweza kuchora mji hadi mbali. Lakini ndani ya ukungu ule mchezaji alipewa redio inayokoroma kila jitu linapokaribia. Anajua lipo, hajui liko upande gani.

Kwenye Godot, nyayo za jini ziwe kwenye AudioStreamPlayer3D (kitu kinachotoa sauti kutoka mahali fulani) yenye max_distance, yaani mwisho wa sauti kusikika, ya mita 20. Tochi ipe spot_range, yaani umbali mwanga unakofika, ya mita 6. Katika zile mita 14 za kati, mchezaji anasikia asichokiona, na gemu lako linaishi humo. Kisha punguza mwangwi. Najua pango halisi lina mwangwi, ila ukiuachia ukameza upande sauti inakotoka, mchezaji ataacha kusikiliza.

Ongeza popo. Jini akipita chini yao, waruke. Baada ya mara mbili mchezaji ataelewa bila kuandikiwa neno. Ndipo mara ya tatu popo waruke na asitokee mtu.

Hatua ya 4: Mpe jini akili mbili

Jini anayefuata njia ileile hukaririwa. Anayejua daima mchezaji alipo anaonekana mwizi, na mtu akihisi anaibiwa hukasirika, haogopi. Alien: Isolation ya mwaka 2014 iligawa kazi: kuna msimamizi asiyeonekana anayejua mchezaji alipo, na kuna kiumbe anayejua tu anachokiona na kukisikia. Msimamizi humdokezea kiumbe eneo la kupekua, basi.

Fanya vivyo hivyo. Kila baada ya sekunde 25, msimamizi achague sehemu iliyo kati ya mita 8 na 15 kutoka kwa mchezaji, na jini aende akatafute mwenyewe.

Halafu weka kipimo cha hofu, 0 hadi 100. Jini akiwa ndani ya mita 10, ongeza 5 kila sekunde. Akiwa nje, punguza 2. Kikifika 80, msimamizi amtume jini mbali mpaka kishuke hadi 30. Kwa hesabu hiyo, sekunde 16 za kubanwa kuanzia sifuri zinafuatwa na 25 za kupumua tangu jini avuke zile mita 10. Left 4 Dead ya mwaka 2008 ilipima msukosuko wa wachezaji na kuwapumzisha kwa mtindo huohuo. Usiione nafasi hiyo kama uvivu: hofu isiyopumzika huzoeleka haraka sana.

Hatua ya 5: Giza lisiwe jeusi tii

Kwenye weusi mtupu hakuna cha kukosea. Acha mwanga hafifu wa kuonyesha maumbo. Waongozaji wa Amboni huwaonyesha wageni miamba inayofanana na vitu mbalimbali. Nawe chonga mmoja ufanane na mtu aliyesimama. Mchezaji akirudi njia ileile, uwe umesogea hatua moja. Jaribu haya yote mchana dirisha likiwa wazi, kwa maana jua la Tanga halitamngoja mchezaji wako afunge pazia.

Neno moja kuhusu Amboni yenyewe: kuna watu wanaokwenda kule kwa matambiko. Chukua mwamba, popo na giza. Mambo ya ibada za watu mimi siyaweki kwenye gemu.

Hatua ya 6: Kelele za kushtua

Weka moja, labda mbili. Zikizidi, mchezaji anapunguza sauti, na kazi yote ya hatua ya 3 imekwenda na maji.

Hatua ya 7: Rudi kibandani

Tafuta mchezaji mwingine, kwa sababu yule wa kwanza tayari amelisoma gemu. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, kisha ulinganishe ni wapi huyu mpya ameanza kukimbia.