Dimbwi la Msimu na Chura Mkubwa: Ufanye Nini Mvua Zinapoanza

Mvua kubwa za kwanza zikishanyesha na maji yakatuama mbugani, nyanda kavu za mashariki na kusini mwa Afrika huanza kuvuma mlio mzito wa chura ambaye hakuonekana mwaka mzima. Siku hizo hizo simu za maafisa ugani nazo huanza kulia. Mmoja analalamika kuwa vifaranga wake wanapungua, mwingine anauliza amwage dawa gani dimbwini, wa tatu ng'ombe wake amerukiwa na chura alipokuwa akinywa maji na anataka kujua kama ana sumu. Hana sumu ya kumdhuru ng'ombe kwa kumrukia. Majibu ya maswali mengine yote yanaanzia kwenye dimbwi.

Mnyama huyu mnagongana naye kwa wiki chache tu kwa mwaka. Ukizipanga vizuri kazi zako za wiki hizo, hutakuwa na sababu ya kumuua wala ya kukausha maji yake.

Kwanza mtambue. Dume la chura mkubwa wa Afrika, ambaye kitaalamu anaitwa Pyxicephalus adspersus, hupita sentimeta 20 kwa urefu na uzito wake huzidi kilo 1. Ni wa kijani kilichofifia, mgongoni ana mikunjo mirefu ya ngozi iliyojipanga kama mistari, na koo lake ni la njano au rangi ya chungwa. Jike ni mdogo kuliko dume, na hilo si la kawaida, maana kwa vyura walio wengi jike ndiye mwenye mwili. Yupo pia ndugu yake mwenye umbo dogo zaidi, Pyxicephalus edulis, anayepatikana Tanzania, Msumbiji na Malawi, na ushauri huu unamhusu naye pia. Usiwachanganye na yule chura wa vinundu anayekaa karibu na taa za nyumba akivizia wadudu: huyo ana tezi mbili zilizotuna nyuma ya macho, huyu hana.

Ana silaha moja ya kuheshimu. Taya lake la chini lina vichomozo vya mfupa vinavyofanya kazi ya meno, na aking'ata haachii upesi. Usimshike kwa mkono mtupu, na watoto wakatazwe kumchokoza kwa vidole. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kama jeraha jingine lolote.

Yuko chini ya miguu yako

Kiangazi chote humwoni kwa sababu amejizika. Penye kisigino cha mguu wa nyuma ana kinundu kigumu chenye ukingo mkali, na hicho ndicho jembe lake. Anachimba akirudi kinyumenyume, anajizungusha taratibu, udongo unampanda ubavuni, kisha mgongoni, na mwisho unabaki uso peke yake, nao unafunikwa. Ukavu ukizidi, ngozi yake ya juu hubanduka tabaka kwa tabaka bila kudondoka. Tabaka hizo hukauka na kuwa ganda linalofunika mwili mzima isipokuwa matundu ya pua, hivyo maji hayamtoki. Kibofu chake nacho ni ghala la maji. Kwa namna hiyo anaweza kukaa miezi 10, na mvua zikikosekana, zaidi ya hapo.

Ndiyo maana watu wanaochimba mtaro au kutifua shamba mapema wakati mwingine humfukua akiwa amejikunja, macho yamefumba, ngozi ya juu imekauka kama mfuko wa nailoni. Wengi humtupa wakidhani amekufa. Hajafa. Mwondoe kwa koleo pamoja na udongo uliomzunguka, mpeleke pembeni mahali pasipolimwa penye kivuli, mfukie kwa udongo uliolegea na umwache. Usimmwagie maji kwa huruma. Maji ndiyo ishara yake ya kuamka, na akiamka kabla ya mvua hatapata chakula wala dimbwi.

Kama kuna eneo karibu na dimbwi ambalo kila mwaka linajaa maji na mazao yake hayakulipi, nakushauri uache kulilima kabisa. Ukingo wa nyasi unaozunguka dimbwi ni mahali pa kujizika, tena unazuia udongo wa shamba lako usiingie majini. Ila ukingo peke yake hautoshi, kwa kuwa vyura hawa husafiri mamia ya meta kutoka mashimoni mwao hadi kwenye maji ya kuzalia. Barabara ya shamba inayokatiza njia yao, usiku wa mvua kubwa ya kwanza, ipite trekta polepole au isipite.

Wiki 5 za dimbwi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mvua kubwa ikipiga, madume hukusanyika kwenye maji ya kina kifupi, mara nyingi mchana kweupe. Wakubwa hushika katikati, wadogo husukumwa pembeni, na ugomvi wao si wa mchezo: hung'atana, hupinduana, wengine huumia vibaya. Jike huja, akapita katikati yao na kutaga mayai 3,000 hadi 4,000. Wakati wa kutaga huinua sehemu ya nyuma ya mwili juu ya maji ili mayai yakutane na mbegu za dume kabla hayajazama. Kwa hiyo maji yenye kina kirefu hayamfai. Anataka pale ambapo maji yanafika kwenye kifundo cha mguu wako.

Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hivi. Viluwiluwi hawatawanyiki, hutembea kundi moja jeusi linalochemka kwenye maji ya vuguvugu, na baba hukaa nao. Hukua upesi, na kati ya wiki 3 na 5 huwa vyura wadogo wanaotoka nchi kavu. Wanashindana na jua, kwa sababu dimbwi likikauka kabla ya siku hizo kizazi chote kimekwisha.

Umwangalie dume siku maji yanapopungua. Kidimbwi chenye viluwiluwi kikikatika na kubaki peke yake, baba hukaa ukingoni, hugeuza mgongo upande wa dimbwi kubwa na kuanza kurudi nyuma akisukuma tope kwa miguu ya nyuma, akijibamiza na kujikokota, mpaka mfereji mwembamba unafunguka na maji yanaungana. Viluwiluwi hupita humo kwenda kwenye maji mengi. Watafiti wamepima mifereji ya namna hiyo iliyofika meta kadhaa. Mkulima anayepita na jembe huona ufa unaovujisha maji, akauziba kwa teke moja la udongo. Ukikuta mfereji mwembamba wa tope unaounganisha maji mawili, na chura mkubwa yuko karibu, uache.

Baba huyo huyo anayelinda ndiye anayemrukia ng'ombe, mbwa, yangeyange au mtu. Wala ulinzi haumzuii kumeza baadhi ya viluwiluwi wake mwenyewe, na wadogo nao hulana. Simsemi ili umpende. Nataka tu usishangae ukiona, ukadhani ni ugonjwa umeingia dimbwini.

Mambo ya kufanya katika wiki hizo si mengi. La kwanza ni mifugo. Ng'ombe 20 wakiingia upande wowote wanaotaka, ukingo wa kina kifupi, pale pale palipo na mayai, unageuka tope la kwato. Wachagulie mlango mmoja wa kunywea, upande wenye kina na udongo mgumu, na sehemu iliyobaki izibe kwa matawi ya miiba. Miiba hiyo ikae mpaka uone vyura wadogo wanaruka nyasini. Mifugo yenyewe inafaidika pia, maana maji yanabaki safi zaidi.

La pili ni dawa. Mwanzo wa mvua ndio wakati wa kupalilia kwa dawa ya magugu na kupambana na viwavi, na ndio wakati huo huo viluwiluwi wako majini, wanapumua kwa matamvua, ngozi yao laini inapitisha kila kitu. Dawa za wadudu ambazo kiambata chake kinaishia na "thrini", kama sipamethrini na lambda-sihalothrini, ni kali mno kwa samaki na kwa viumbe wengine wa majini hata zikiingia kidogo. Dawa za magugu nazo wengi huzidharau. Baadhi yake huchanganywa na sabuni ya kuifanya dawa ishike jani, na sabuni hiyo inaua viluwiluwi. Soma lebo, fuata umbali inaoutaja toka kwenye maji, na kama haitaji umbali wowote, mimi huwaambia wakulima waache hatua 20 bila kunyunyizia. Usipulize upepo ukielekea dimbwini, wala mawingu ya mvua yakiwa yameshajikusanya. Kosa ninaloliona kupita yote ni la baada ya kazi: bomba linapelekwa kuoshwa dimbwini kwa sababu ndipo maji yalipo. Chota maji kwa ndoo, oshea bomba shambani, na maji machafu yamwagie kwenye eneo ulilokwisha kunyunyizia.

La tatu ni samaki. Usipande perege wala kambale kwenye dimbwi la msimu. Watakula mayai na viluwiluwi, kisha dimbwi litakauka nao wafe, na utakuwa umepoteza pande zote mbili. Samaki wana bwawa lao.

Kuhusu mbu nisikufiche: madimbwi madogo yenye jua ndiyo mazalia wanayoyapenda mbu wa malaria, na usitegemee viluwiluwi hawa wakumalizie mbu. Lakini dawa ya hilo si kufukia kila penye maji. Fukia mashimo ya matofali, makanyagio ya kwato na vidimbwi vilivyo karibu na nyumba, ambavyo hata chura havimfai kwa kuwa hukauka haraka. Dimbwi kubwa la mbugani, mbali na makazi, liache. Na chandarua kiendelee kutumika.

Anachokula, na vifaranga wako

Hula chochote kinachotikisika na kuingia mdomoni: panzi, nyenje, mende, nge, kumbikumbi wakati wanaporuka, panya wadogo, nyoka wadogo, vyura wenzake. Hukaa ametulia, nusu mwili udongoni, mpaka kitu kipite mbele yake. Hamfukuzi windo mbali.

Hiyo tabia ya kungoja ndiyo inayoeleza faida yake na mipaka yake. Viwavijeshi wanaotambaa ardhini kwa makundi atawala akikutana nao. Viwavijeshi vamizi, wale wanaojificha ndani ya moyo wa mhindi, hawafikii. Anayekuambia chura atakupunguzia gharama ya kudhibiti viwavi hao hajawahi kumtazama akila. Thamani yake ni ya kuongezea: mdomo mmoja zaidi shambani, pamoja na ndege, buibui na siafu, usioomba malipo.

Kifaranga wa siku chache naye hutikisika na huingia mdomoni. Malalamiko ya wafugaji wa kuku ni ya kweli, na suluhisho ni rahisi kuliko kuwinda vyura. Chura huyu ni mzito, hakwei. Zungushia banda la vifaranga bati au mbao zenye urefu wa nusu meta, zisiwe na mwanya chini, na katika wiki za mwanzo wa mvua usiwaachie vifaranga wazurure karibu na maji. Wakishakuwa na manyoya kamili hawamezeki tena. Bwawa la vifaranga wa samaki lizungushie wavu wenye matundu madogo kwa namna hiyo hiyo.

Wanaouliza kuhusu kumla: yapo maeneo anakoliwa sana, kaskazini mwa Namibia likiwemo. Huko huko wazoefu huonya dhidi ya kumla anapotoka tu ardhini mvua za mwanzo, kwa sababu walaji wamepata maumivu ya njia ya mkojo, nao husubiri mpaka mvua zikolee na vyura waanze kulia. Ukiwavuna wakati wa kuzaa unaondoa walinzi, na viluwiluwi hubaki wa kila ndege. Kwa mtazamo wangu, dume lenye kundi la viluwiluwi lisiguswe kabisa.

Usimlete yule wa Marekani

Mara kwa mara huzuka habari za ufugaji wa chura wa nyama. Anayefugwa sehemu nyingi duniani ni spishi nyingine, Lithobates catesbeianus, mwenye asili ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Hafanani na wetu kwa tabia. Anataka maji ya kudumu, jike anaweza kutaga mayai 20,000, na kwenye nchi za baridi viluwiluwi wake hukaa majini hata zaidi ya mwaka. Alipelekwa Japani mwaka 1918 na Brazili mwaka 1935 kwa ajili ya nyama, akatoroka na kuenea, na leo yumo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Hula vyura wa wenyeji, na pia hubeba kuvu la ngozi liitwalo kitridi bila yeye mwenyewe kuugua sana, akawaambukiza wengine ambao huugua na kufa. Mabwawa ya umwagiliaji na ya samaki, yasiyokauka mwaka mzima, ndiyo makao anayoyatafuta.

Akija mtu anauza viluwiluwi vya mbegu kwenye ndoo, usinunue. Kama umeshanunua, usivimwage mtoni, mferejini wala lamboni. Vifunike vizuri na umpigie afisa uvuvi au wanyamapori wa eneo lako. Hata vyura wa hapa hapa wasihamishwe kutoka dimbwi moja hadi jingine, kwa sababu kuvu hilo husafiri pia na maji na tope. Nyavu, ndoo na mabuti yaliyotumika kwenye bwawa moja yasuguliwe tope lote, yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, ndipo yatumike kwenye bwawa la pili.