Namna ya Kuisikia Flamenko Ndani ya Nyimbo za Rosalía

Wengi wanaomsikiliza Rosalía, mwimbaji wa Hispania, kwa mara ya kwanza hunaswa na besi nzito na sauti iliyopitishwa kwenye kompyuta, wakadhani kwamba flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa Hispania, ni kionjo tu kilichonyunyizwa juu ya pop. Albamu yake ya pili, El mal querer, iliyotoka Novemba 2018, inafaa sana kuiondoa dhana hiyo, kwa sababu ni fupi, haizidi sana nusu saa, na flamenko ndiyo iliyozishikilia nyimbo zake. Huhitaji kujua Kihispania. Tafuta hedifoni nzuri, kwa kuwa spika ya simu humeza kile hasa unachokitafuta.

Anza na makofi. Katika flamenko makofi ni ala kamili yenye wapigaji wake, na yapo ya aina mbili: ya viganja vilivyokunjwa kidogo kama vinateka maji, ambayo hutoa mlio mzito uliofifia, na yale ya vidole vya mkono mmoja vinavyopiga kiganja cha pili, ambayo hulia kwa ukali. Fungua "Di mi nombre", wimbo wa nane, uyafuate makofi peke yake huku ukiiacha sauti ipite. Umejengwa juu ya tangos, mtindo wa flamenko wenye mapigo manne (usiuchanganye na tango ya Argentina), kwa hiyo sikio lililozoea pop halitapotea.

Ugumu unakuja kwenye "Que no salga la luna", wimbo wa pili, ambao ni bulería. Mtindo huu una mzunguko wa mapigo kumi na mawili, na Wahispania huanza kuhesabu kutoka kumi na mbili, wakitia mkazo kwenye 12, 3, 6, 8 na 10. Ukijaribu kuhesabu hivyo kwa Kiswahili ulimi utakukwama, maana kabla hujamaliza kutamka "kumi na moja" pigo limeshapita. Gawa mzunguko badala yake: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili, moja mbili. Kila neno lina silabi mbili, na kila "moja" ndiyo yenye mkazo. Sema polepole ukipiga paja kwenye kila "moja", mara kumi au ishirini bila muziki, ndipo uurudie wimbo. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu anayeushika mzunguko huu amekwisha kuvuka sehemu ngumu kuliko zote.

Baada ya mikono, sikiliza koo. Weka "Reniego", ambamo hakuna ngoma, ni sauti na ala za nyuzi tu, uone jinsi vokali moja inavyovutwa na kupindwa kupita noti nyingi kabla neno halijakamilika. Kisha ruka hadi "A ningún hombre", wimbo wa mwisho, ambako sauti hiyohiyo imerundikwa na kupitishwa kwenye mashine. Mipindo ile bado ipo, na mashine imeipa tu rangi nyingine. Huo si ufundi wa kubahatisha: Rosalía aliusomea uimbaji wa flamenko katika chuo cha juu cha muziki cha Catalonia, jijini Barcelona, na albamu hii, aliyoitayarisha pamoja na mtayarishaji wa muziki El Guincho, ilikuwa pia kazi yake ya kuhitimu.

Sasa sikiliza zote kumi na moja kwa mpangilio, kwa sababu kila wimbo ni sura ya kisa kimoja, kilichochukuliwa kutoka hadithi ya karne ya 13 ya Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, kuhusu mume mwenye wivu anayemfungia mkewe: ubashiri, harusi, wivu, ugomvi, hadi mwanamke anapoipata nguvu yake. Ngurumo za pikipiki kwenye "De aquí no sales" zitakushangaza kama utaukuta wimbo huo peke yake, lakini mahali pake, kwenye sura ya ugomvi, zinafanya kazi ya ngoma na ya hasira kwa pamoja.

Wapo waliomlaumu kwamba yeye, Mkatalani asiye Mgitano, amechuma katika shamba la Wagitano (Waroma wa Hispania) wa Andalusia, eneo la kusini mwa nchi hiyo, na lalamiko hilo lina uzito usiostahili kupuuzwa. Lakini kuchanganya kwenyewe hakukuanza naye. Camarón de la Isla, mwimbaji Mgitano aliyemvuta Rosalía kwenye flamenko akiwa na umri wa miaka kama 13, aliwakera washika mila mwaka 1979 kwa albamu yenye besi ya umeme, na mwimbaji mwingine wa flamenko, Enrique Morente, akaimba na bendi ya roki mwaka 1996. Wasikilize hao wawili kabla hujaendelea.

Jaribio la mwisho limo katika albamu ya Motomami ya mwaka 2022: wimbo uitwao "Bulerías". Jina lake limeshakutajia mtindo, kwa hiyo weka mkono pajani, uanze: moja mbili tatu.