Gente: neno la Kihispania linaloonekana jepesi

Anayewatembeza Wahispania Mji Mkongwe wa Zanzibar, au kuwapeleka kisiwa cha Mnemba kwa boti, hulikuta neno hili siku ya kwanza: «gente», yaani watu. Maana haina taabu, taabu iko kwenye upatanisho. Sisi tumezoea kusema watu wamekuja, watu wakarimu, kila kitu kwa wingi. Basi mwanafunzi hukimbilia «La gente son amables», na hapo ameshakosea. Husemwa «La gente es amable», watu ni wakarimu: «es» na «amable» ni umoja, «son» na «amables» ni wingi.

Mfano wa nyumbani unaosaidia ni neno umati. Umati umejaa bustani ya Forodhani; twasema umejaa, ingawa ndani yake mna mamia ya watu. Gente ni hivyo hivyo: wengi kwa maana, mmoja kwa sarufi. Tena ni jina la kike, hata kama watu wenyewe ni wavuvi watupu, wanaume wote. «La gente está cansada», watu wamechoka. Ukisema «cansados» umevunja jinsia na idadi kwa pigo moja.

Matamshi kwanza. Herufi g ikifuatwa na e au i husomwa kh, ile ya kheri. Aliyepita chuoni kusoma Kurani hana kazi hapa: «khente», mkazo kwenye silabi ya kwanza, kama ungalivyokuwa kwa Kiswahili. Usiseme «jente», wala g ya gari. Mgeni kutoka Kuba atailainisha iwe kama «hente», nayo ni sawa.

Sasa tunga sentensi. Jifunze vipande viwili vizima vizima, si neno pekee: «la gente», watu, na «mucha gente», watu wengi. Kiswahili hakina kitu kama hiyo «la», ndiyo maana hudondoka. «Gente dice» ni Kiswahili kilichovaa nguo za kuazima. Sema «La gente dice que va a llover», watu wanasema itanyesha. Lakini ukiweka mucha (wengi) au poca (wachache), la huondoka: «Hay mucha gente en Forodhani», kuna watu wengi Forodhani. Toda (wote) huirudisha: «toda la gente». Más (zaidi) na menos (pungufu) hazibadiliki kabisa: «En Pemba vive menos gente que en Unguja», Pemba wanaishi watu wachache kuliko Unguja.

Kwenye kuhesabu ndiko watembezaji wengi huumbuka. Gente haihesabiki kwa namba. «Cinco gentes» usiseme. Ukitaka idadi, chukua «persona», mtu, wingi wake «personas». Kwa hiyo ukitaka kujua tu kama kundi ni kubwa, uliza «¿Cuánta gente viene?». Nahodha akitaka idadi kamili ili ahesabu jaketi za kuokolea, uliza «¿Cuántas personas son?» Utajibiwa «Somos cuatro», tuko wanne. Persona nayo ni ya kike daima: «Salim es una persona simpática», Salim ni mtu mcheshi, na Salim anabaki mwanamume wake. Katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kilatini, Meksiko ikiwemo, utasikia gente ikitumiwa kwa mtu mmoja. Elewa ukisikia, lakini anayeanza asiige.

Kuna msemo mmoja wa kuuweka mfukoni: «buena gente», mtu mwema, asiye na makuu. Hutumika hata kwa mmoja, «Salim es buena gente». Na ukisema «Mis vecinos son buena gente», usidhani kanuni imevunjika. «Son» inawafuata majirani, siyo gente.

Jambo jingine linalowachanganya wanafunzi wazuri: humsikia Mhispania akisema «La gente llegó tarde. Estaban cansados», watu walichelewa kufika, walikuwa wamechoka. Hakukosea. Ndani ya sentensi ambayo gente ndiyo mtenda, kitenzi hubaki umoja. Baada ya nukta, anaweza kuwafikiria watu mmoja mmoja na kuingia kwenye wingi. Na ukitaka kusema watu wanapenda kitu, ni «A la gente le gusta el pulpo», watu wanapenda pweza. Ni «le» ya umoja, siyo «les» ya wingi.

Ukizungumzia wazee, sema «la gente mayor». «Los viejos» ina ukavu, na mgeni mtu mzima huenda akachukia.

Mazoezi: kaa barazani dakika kumi kila jioni, tazama wanaopita, tunga sentensi sita kwa sauti. Mbili zenye «la gente», mbili zenye «mucha» au «poca», mbili zenye namba na «personas». Kila mara simama kwenye kitenzi ujiulize: umati umefanya nini? Baada ya wiki mbili ongeza «le gusta». Ukiona «son» inakuponyoka bado, rudi kwenye «La gente es» peke yake kwa siku tatu, usiongeze kingine.